Mtani Aliyevaa Gauni Jeupe

Mama Kalunde alizikwa Jumanne, na mimi nililala chini mbele ya kaburi lake nikawazuia watu kumzika. Anayejua utani hatashangaa. Asiyejua nitamweleza mara moja ili tusisumbuane huko mbele: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wakati wazee wao walipotembea kwa miguu na mizigo mabegani kutoka Tabora mpaka pwani, wakapita kwetu Uzaramo wakilala, wakila, wakigombana na kupatana. Tangu hapo mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa damu hana. Atakutukana na hutakasirika, atachukua kuku wako na hutamdai, na siku ukifa yeye ndiye atakayekuja kuwachekesha waliofiwa. Basi na mimi, kwa umri huu na magoti haya, nilijitandaza juu ya udongo mpya nikasema mtumwa wangu haingii humo mpaka nipewe jogoo, kwa sababu alinilisha mlenda mwaka mzima na tumbo langu mpaka leo halijakaa sawa. Watu wakacheka, mchungaji naye akageukia pembeni kuficha meno. Jogoo akaletwa, vijana wawili wakaniinua. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia peke yangu mpaka kanga ikalowa.

Baadaye mjukuu wa marehemu, binti aliyemaliza chuo cha uuguzi juzijuzi, alikuja kukaa nami mkekani. Akaniuliza nilijuana vipi na bibi yake. Nikamwambia alikuwa mhudumu wa zahanati yetu, mtu wa darasa la nne, na kwamba kazi hii ya uuguzi niliyostaafu nayo nilifundishwa na yeye. Binti akacheka mpaka akashika mbavu. Alidhani naendelea na utani wa makaburini. Sikumlaumu, maana nilikuwa nimetoka kugaragara udongoni muda si mrefu, lakini liliniuma. Nilimfundisha somo zima la jipu la titi palepale juu ya mkeka, naye akaniambia siku hizi wanaangalia kwanza kwa mashine ya picha, kisha wanavuta usaha kwa sindano, na mama anarudi nyumbani bila kidonda kikubwa. Nikafurahi kusikia hivyo. Sisi tulikuwa na wembe wa upasuaji, asali, na mdomo, na mdomo ndio ulionishinda.

Kijiji chenyewe kiko kati ya Kigwa na Tura, kwenye reli, na jina lake sitalitaja kwa sababu watu wake wapo na wana masikio. Nilishuka hapo asubuhi na begi moja na godoro lililofungwa kwa kamba, binti wa miaka ishirini na mbili mwenye cheti ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu na varanda. Mganga wetu alikuwa mzee mpole aliyependa kuitwa vikaoni mjini, na akiitwa alikaa huko wiki tatu. Mama Kalunde nilimkuta anadeki. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba mwanangu, karibu. Watu wa wapi?" Nikasema Kisarawe. "Kisarawe kabila gani?" Nikasema Mzaramo. Akaliweka tambara chini taratibu, akajifuta mikono, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Mungu ni mwema," akasema. "Nimemwomba msaidizi, ameniletea mtumwa." Nikamjibu kwamba sikujua kama wapagazi nao siku hizi wanapewa kazi za ndani, nilidhani bado wamebeba mizigo hawajafika Bagamoyo. Akacheka, akachukua begi langu akaliweka kichwani, akasema basi angalia mpagazi anavyofanya kazi. Tangu siku ile hatukuwahi kuitana majina yetu tukiwa wawili.

Chumba changu kilikuwa ukuta mmoja na stoo ya zahanati. Kitanda cha kamba, meza, jiko la mafuta ya taa, dirisha la wavu lililotazama reli. Mume wa Mama Kalunde alikuwa mrina asali, na kwa kuwa nyumba yao ilivuja, madebe ya asali aliyaweka kwenye stoo yetu, karibu na maboksi ya dawa. Kwa hiyo chumba changu kilinukia spiriti na asali kwa pamoja, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka wanavyotaka. Mpaka leo nikifungua chupa ya spiriti nasubiri ile harufu ya pili, na isipokuja nahisi kama mtu hajafika. Asubuhi Mama Kalunde alinigongea ukuta, nami nikatoka kunywa chai kwa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo mwanzoni nilivitafuna kama adhabu. Mchana ugali na nsansa, majani makavu yaliyoungwa kwa karanga, na mvua zilipoanza kukawa na uyoga wa porini, mkubwa kama sahani. Nilinenepa. Niliwaandikia wenzangu wa chuo kwamba nateseka sana, huku mkono wa kuandikia ukiwa na mafuta ya karanga.

Nilichokipenda kuliko chakula ni mazungumzo ya varandani. Akina mama wa kliniki walifika mapema, wakakaa chini na watoto wao, na mimi nikiwa bado ndani navaa niliwasikia kupitia ukuta. Walizungumza Kinyamwezi mpaka mmoja aseme jambo la aibu, hapo wakaingia Kiswahili, sijui kwa nini. Nilijua nani kapigwa na mumewe, nani kamnyima mwenzake mbegu, na nani anaumwa titi. La titi lilisemwa kwa sauti ya chini zaidi. Nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba jipu la titi linatokana na wadudu wanaoingia kwenye mpasuko wa chuchu, na niliishia hapo. Mama Kalunde ndiye aliyenionyesha kwamba lina msimu. "Subiri tumbaku iive," aliniambia. "Utaona wanavyokuja." Na kweli, tumbaku ilipoanza kuvunwa wakaja. Mama anaondoka alfajiri kwenda shambani, mtoto anaachwa nyumbani na dada yake mdogo, matiti yanajaa mpaka jioni bila mtu wa kuyapunguza. Leo hivyo, kesho hivyo, siku ya tatu maziwa yameganda sehemu moja, titi limekuwa gumu na jekundu, mama anatetemeka kwa baridi juani. Hakuna kitabu changu kilichoandika neno tumbaku.

Wale waliowahi, hatukuwakata. Mama Kalunde alikuwa na chupa yake ya kioo yenye mdomo mpana, ya kuuzia asali, ambayo hakuruhusu mtu aiguse. Aliijaza maji ya moto, akaiacha ipate joto, akayamwaga, akaifunga kitambaa, akaupoza mdomo wake kwa maji, kisha akamvisha mama kwenye chuchu na kumwambia atulie. Chupa ilivyokuwa ikipoa ndivyo ilivyovuta, polepole, na maziwa yakaanza kushuka yenyewe. Mama alikuwa anafumba macho, mabega yanalegea. Baada ya hapo Mama Kalunde alimpa mtoto anyonye titi lilelile linalouma, na akina mama wote walishangaa, maana kila mtu kijijini alijua titi linalouma mtoto haligusi. "Mtoto ndiye dawa," alikuwa akiwaambia. "Ukimwondoa, unaniachia mimi kazi ya kukata." Nilikuwa nasimama pembeni na daftari langu, nikiandika.

Nyamizi hakuwahi. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa hivi, mtoto wa kwanza, mvulana wa miezi miwili aitwaye Luhende. Aliletwa kwenye keria ya baiskeli na mumewe, na nyuma yao akitembea mama mkwe, Mama Maganga, mwanamke mrefu mwenye kitenge cha kwaya ya Moravian, amembeba mjukuu mgongoni. Titi la kulia lilikuwa limevimba, ngozi inang'aa, na kwa upande wa nje ukibonyeza kwa kidole unahisi maji chini yake. Walikuwa wamelikanda kwa majani ya moto siku tano. Mganga alikuwa mjini kikaoni, na treni ya kumpeleka hospitali kubwa ilikuwa ya kesho yake mchana. Mama Kalunde akalibonyeza mara moja tu. "Limeiva," akasema. "Tukingoja treni litapasuka lenyewe, na litapasukia linapotaka." Chuoni nilikuwa nimekata jipu la titi moja tu, mwalimu akiwa amenishika kiwiko. Niliwaambia wote watoke nje, wakatoka isipokuwa Mama Maganga, aliyesema mkamwana wake haachwi na mtu asiyemjua.

Nilipiga sindano ya ganzi, nikasubiri, nikakata. Nilikata kwa mstari unaotoka upande wa chuchu kwenda nje, kwa sababu mirija ya maziwa imelala hivyo, na ukikata kwa kuzunguka unaikatilia mbali mingi. Usaha ulitoka kwa nguvu ukajaza nusu bakuli, wa manjano wenye rangi ya maziwa ndani yake. Nikaingiza kidole kuvunja vile vyumba vya ndani ili usaha usibaki. Nyamizi aliuma kona ya kanga. Mama Kalunde alinipa gozi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, aliyoilowesha asali, nikaiingiza kwenye kidonda, na hiyo nayo sikufundishwa chuoni, ila katika mwaka mzima sikuona kidonda kilichowekwa asali ya yule mzee kikaoza. Nilipomaliza nilitamani kuruka kwa furaha. Nilikuwa nimefanya peke yangu. Nyamizi akapumua, akaomba maji, homa ikaanza kushuka palepale. Mama Maganga alikuwa ametazama kila kitu bila kupepesa macho, na sasa alikuwa anatazama bakuli.

Hapo ndipo nilipokosea. Mama Maganga alikuwa mtani wangu kama Wanyamwezi wote, na asubuhi ileile varandani alikuwa amenitania kwamba mikono ya Kizaramo inajua kupiga ngoma tu, haijui kushika wembe. Nikaona sasa ni zamu yangu. Nikaliinua lile bakuli nikamwambia, "Umeona mtani? Haya ndiyo maziwa ya Kinyamwezi. Yameoza tangu tumboni. Mpe mjukuu wako haya, hata kaburi lake hutapata muda wa kulichimba." Akacheka kwa kuziba mdomo, akasema wabeja mtani, ahsante. Nami nikacheka, na Nyamizi pale kitandani akatabasamu kidogo. Mama Kalunde peke yake hakucheka. Alikuwa anaosha mikasi. Baadaye nilimweleza Nyamizi vizuri, kama ilivyo kwenye kitabu: mtoto anyonye la kushoto kama kawaida, la kulia ulikamue kila mara, na maumivu yakipungua mrudishe hapo pia, na uje kila siku nibadilishe gozi. Akaitikia kila neno. Nilimpa na vidonge. Nikarudi chumbani kwangu nikawaandikia wenzangu barua ya kurasa nne kuhusu upasuaji wangu.

Siku ya pili alikuja peke yake, nikadhani mtoto amelala. Siku ya tatu alikuja tena peke yake, na alipovua kanga nikaona titi la kushoto nalo limejaa, gumu, mishipa imetokeza. Nikamuuliza, "Nyamizi, mtoto ananyonya?" Akainamisha kichwa. Nikauliza tena. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mtoto yuko kwa bibi yake, anakunywa uji wa mtama na maziwa ya ng'ombe tangu siku ile. "Kwa nini?" Akamtazama Mama Kalunde. Mama Kalunde akamwambia kitu kwa Kinyamwezi, yeye akajibu kwa Kinyamwezi, na machozi yakaanza kumtoka. Kisha Mama Kalunde akanigeukia. "Mtoto anaharisha tangu jana asubuhi," akasema. "Mama Maganga amemnyang'anya. Amesema nesi mwenyewe kasema maziwa ya huyu mwanamke yameoza tangu tumboni, na tumbo ni moja, la kulia na la kushoto." Nikasema, "Lakini nilikuwa namtania. Yeye mwenyewe alicheka." Mama Kalunde akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Ulikuwa umevaa nini?" akaniuliza.

Nimelifikiria swali lile maisha yangu yote ya kazi. Sisi watani tunajua utani ni nini kwa sababu wote tunasimama mahali pamoja, mimi na kanga yangu, wewe na kanga yako; siku ile mimi nilikuwa na gauni jeupe la nesi. Mama Maganga alicheka kwa sababu mtani alisema, na aliamini kwa sababu nesi alisema, na maneno yalikuwa yaleyale. Angeweza kuniuliza lipi ni lipi, lakini nani humuuliza mtu aliyetoka kumkata mkwe wake na kumponyesha mbele ya macho yake? Nilitamani kumlaumu. Nilisema moyoni mwanamke mjinga huyu, anacheka halafu anaua mtoto. Lakini mjinga alikuwa mimi, na mtoto alikuwa Luhende, wa miezi miwili, anayeharisha siku ya pili katikati ya msimu wa joto, mahali ambapo treni ilikuwa imeshapita.

Mama Kalunde alimwekea Nyamizi ile chupa kwenye titi la kushoto mpaka likalainika, tukachukua pakiti za dawa ya chumvichumvi na maji yaliyochemshwa, tukaenda sote watatu kwa miguu. Kwa Mama Maganga palikuwa na akina mama kama wanane uani, wanafunga majani mabichi ya tumbaku kwenye fito za kupeleka bani, lile banda la kukaushia. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, mtoto mapajani, anamnywesha uji kwa kijiko. Nikamwamkia, akaitikia. Nikapiga magoti kumtazama Luhende. Macho yalikuwa yamezama, utosi umebonyea, na nilipoifinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Alikuwa halii. Mtoto anayelia bado ana nguvu, lakini asiyelia zinamwishia. Nikasema, "Mama, mtoto huyu anyonyeshwe sasa hivi. Maziwa ya mama yake ni mazuri. Lile neno langu lilikuwa utani. Nilikosea."

Uani pote wakacheka. Si kicheko cha dharau, ni kile kicheko chetu cha siku zote, mtu akijibiwa na mtani wake. Mmoja akasema, "Mzaramo leo amekosea, mvua itanyesha." Nikasema tena, sitanii, nasema kweli, nimekosea mimi. Wakacheka zaidi. Mama Maganga naye alitabasamu, akaniambia kwa upole, "Mtani, najua umetumwa na huyu binti kwa sababu matiti yanamwuma. Mwache apone. Mimi nimezika wajukuu wawili, huyu simchezei." Nikasema ndiyo maana nimekuja, hatafika kesho kutwa kwa uji huu. Nikasikia sauti yangu inapanda, na kila ilivyopanda ndivyo nilivyozidi kuwachekesha. Nikamgeukia Mama Kalunde aniokoe. Mama Maganga akasema, "Huyo unakula naye sahani moja, atasema unalotaka." Nilikuwa nimetaniana na kijiji kile miezi saba, kila nyumba, kila kisima, nimewaita wapagazi wao na mabibi zao. Sasa nilikuwa nahitaji neno moja la kweli na sikuwa nalo.

Sijui niliwaza nini. Nadhani sikuwaza. Nilimwomba Mama Maganga kijiko kingine kisafi na bakuli, nikanawa mikono, nikamkalisha Nyamizi mkekani mbele yao wote. Nikafungua titi la kulia, lile lililokatwa, nikatoa gozi. Kidonda kilikuwa safi, chekundu, kinanukia asali. Nikamkamua taratibu, mbali na kidonda, yeye akiuma tena kona ya kanga, mpaka maziwa yakatoka, meupe, yenye maji kidogo. Nikajaza kijiko. Vicheko vikaanza kupungua. Nikamtazama Mama Maganga machoni, nikanywa. Nikajaza tena, nikanywa. Cha tatu kikamwagika kidogo kwenye gauni, nikakinywa kilichobaki. Leo nikimwona muuguzi yeyote anafanya hivyo nitamwandikia barua ya onyo kwa mkono wangu, na nitakuwa na haki, maana yapo magonjwa yanayopita kwenye maziwa na hatukuwa na kipimo cha chochote pale. Naandika nilivyofanya, sifundishi mtu. Yalikuwa matamu. Sikutegemea, na nililia kwa sababu hiyo, kwamba yalikuwa matamu na mtoto wake alikuwa amekaa siku tatu bila kuyapata kwa ajili ya mdomo wangu.

Hakuna aliyekuwa anafunga tumbaku. Mama Maganga alimtoa mtoto mapajani, akampa Mama Kalunde amshike, akasogea, akachukua kijiko mkononi mwangu. Alikijaza mwenyewe. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akakaa nayo mdomoni, akameza. Kisha akaniambia, bila utani wowote, "Kwa hiyo siku ile ulinidanganya." Nikasema, "Ndiyo mama." Nilikuwa na mengi ya kuongeza, kwamba nilikuwa na furaha, kwamba ulianza wewe, kwamba ulicheka, nikayaacha. "Ndiyo mama, nisamehe." Akamchukua Luhende kutoka kwa Mama Kalunde akamweka mikononi mwa mama yake.

Hakunyonya. Hilo watu hulisahau ninapowasimulia, wanadhani mambo yaliishia hapo. Hakuwa na nguvu ya kunyonya. Tulimdondoshea maji ya chumvichumvi kwa kijiko, kisha maziwa ya mama yake kwa kijiko, tone kwa tone, kwa zamu, Nyamizi, Mama Maganga, mimi, Mama Kalunde, tangu asubuhi ile mpaka jua linaelekea magharibi, na akina mama wale wakarudi kwenye fito zao wakifanya kazi kimya. Mchana waliniletea ugali sikuula. Kwenye saa kumi mtoto akakojoa. Bibi yake akaishika ile nguo iliyolowa akanionyesha, akaipitisha kwa kila mtu uani. Muda mfupi baadaye Luhende alitafuta titi mwenyewe, la kushoto, akalikosa, akalitafuta tena, na nikasikia anameza. Nyamizi alimtazama tu. Mimi nilikuwa natazama koo la mtoto na kuhesabu.

Nilikwenda kule kila asubuhi kubadilisha gozi, nikiwa nimevaa gauni jeupe na kofia, na katika ua ule sikutania tena. Mama Maganga aliitikia salamu yangu, akanionyesha kiti, na kando ya kiti, juu ya sahani iliyofunikwa, palikuwa na kijiko. Nilielewa. Nilimkamua Nyamizi lile titi la kulia, nikanywa kijiko kimoja mbele yake, na ndipo aliporuhusu mtoto apewe titi hilo. Asubuhi ya kwanza aibu ilinichoma masikio. Ya pili pia. Ya tano nilikuwa nimezoea. Mama Kalunde aliniambia nisithubutu kulalamika, na sikulalamika. Kidonda kilikuwa kinajaa kutoka chini, vizuri, na gozi niliyoingiza ilizidi kuwa fupi. Luhende alianza kulia kwa sauti ya kusikika mpaka njiani. Siku tisa nilikunywa kile kijiko.

Siku ya kumi nilifika nikakuta kiti peke yake. Hapakuwa na sahani. Nikanawa, nikakaa, nikatazama huku na huku, kwenye mkeka, kwenye kizingiti, nikidhani wamesahau. Mama Maganga alikuwa anapeta karanga, hata hakuinua uso. "Unatafuta nini, nesi?" akaniuliza. "Mtoto ameshanyonya. Yote mawili."